Kubuni, Kubunia, Kuzua

Kazi yangu ni kuhariri maandishi ya wengine, na kwa miaka ya karibuni sijui kama kuna neno linalopita mezani kwangu mara nyingi kuliko ubunifu. Limo kwenye hotuba za mawaziri, limo kwenye mabango ya benki, limo hata kwenye jina refu la mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu ambayo Tanzania iliyaanzisha mwaka 2019 na ambayo wengi tunayaita MAKISATU tu. Neno likishapendwa kiasi hicho huwa nalitazama kwa jicho la pembeni. Pengine ni ugonjwa wa wahariri.

Ofisini tuna mgawanyo wetu. Aliyekiona kitu kilichokuwapo siku zote bila watu kukijua, kama kijidudu kinacholeta maradhi, huyo amegundua. Aliyeunda chombo ambacho hakikuwapo, amevumbua, na akitaka kukilinda ataomba hataza. Aliyevichukua vilivyopo akavipa sura mpya au matumizi mapya, amebuni. Nimewafundisha waandishi chipukizi mgawanyo huu na nitaendelea kuwafundisha, maana ukurasa hauendi bila utaratibu. Ila kadiri ninavyoutetea ndivyo ninavyoona lugha yenyewe haijali. Mwizi naye hugunduliwa, akiwa dirishani. Riwaya ni kazi ya kubuni, na hapo mwandishi husifiwa; lakini wakili akisimama kortini akasema ushahidi wa upande wa pili ni wa kubuni, hakuna anayepiga makofi.

Kilichonifanya nianze kulifikiria neno hili nje ya kazi ni shangazi yangu, mpishi wa shughuli. Ukimkuta kwenye sufuria la pilau la watu mia mbili utadhani hana haraka ya jambo lolote. Maji anayaacha yaupite mchele kwa kiasi cha pingili moja ya kidole. Chumvi anaimwagia kiganjani kwanza, anaitazama, anarudisha kidogo mfukoni, kisha anatia. Halafu anachota mchuzi kwa ncha ya mwiko, anadondoshea nyuma ya mkono, anaulamba, na uso wake hausemi kitu. Niliwahi kumuuliza anapimaje.

"Sipimi, mwanangu. Nabunia tu."

Kubunia, kukisia. Nilikuwa nalijua neno hilo tangu utotoni bila kuliweka karibu na ubunifu wa kwenye mabango. Sasa najiuliza kama hatukulivua neno nguo yake ya ndani tulipolipeleka jukwaani. Kwenye kubunia kuna wasiwasi, kuna kulamba nyuma ya mkono, kuna uwezekano kwamba watu mia mbili watakula pilau la chumvi. Kwenye ubunifu wa hotuba hakuna hata kimoja cha hivyo. Mtu anaamka asubuhi na wazo, na kufika jioni limeshabadili maisha ya jamii.

Jiko la mkaa lililo uani kwangu linaweza kuwa ushahidi wa upande wa shangazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kenya ilikuwa inatafuta njia ya kupunguza mkaa unaoteketea mijini. Wazo lilichukuliwa kwenye jiko la Thailand lenye umbo la ndoo na ukuta wa udongo, likaletwa kwa mafundi wa jua kali wa Nairobi, ambao tayari walikuwa wanafua majiko ya bati tupu. Lililopatikana baada ya majaribio ni hili tunalolijua, lenye kiuno chembamba, bitana la udongo uliochomwa likiishia nusu ya juu, na kitako kipana ili lisipinduke mtu anaposonga ugali. Udongo unazuia joto lisipotelee ubavuni, basi mkaa kidogo unafanya kazi ya mkaa mwingi. Nani alivumbua hapo? Mthai aliyelifinyanga la kwanza? Mtaalamu aliyelibeba wazo? Fundi aliyeona kitako chembamba kinayumba? Kwa mgawanyo wetu wa ofisini ningeandika kwamba lilibuniwa na kumaliza sentensi. Lakini nikiisoma tena naona nimeandika kitenzi cha kutendwa kwa sababu sina jina moja la kuweka mbele, na huenda jina moja halikuwahi kuwapo.

Kuna ndugu mmoja wa neno hili ambaye hatumwaliki kwenye mashindano: kuzua. Kuzua ni kuanzisha jambo ambalo halikuwapo, sawasawa na kubuni, lakini mzushi hapewi cheti. Msikitini yuko pia binamu yake, bidaa, na waumini wamegawanyika kwa vizazi juu ya lipi ni bidaa mbaya na lipi halina neno. Zamani niliamini kwamba mbunifu na mzushi wanatofautiana kwa kile walichokifanya. Siku hizi sina hakika.

Nawafikiria washairi. Mwaka 1954 kilitoka kitabu cha Kaluta Amri Abedi kilichoeleza sheria za kutunga mashairi, vina na mizani vikiwa nguzo. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe, akachapisha Kichomi, diwani ambayo ndani yake mlikuwa na mashairi yasiyofuata vina wala mizani, yaliyotaka kusomwa kwa sauti ya mazungumzo kuliko kuimbwa. Ukazuka mgogoro uliodumu miaka. Wanamapokeo walisema hayo si mashairi. Wanausasa wakajibu kwamba uhai wa shairi hauko kwenye kuhesabu silabi. Leo mashairi huru yanafundishwa darasani na mwanafunzi hutahiniwa nayo. Maneno ya Kezilahabi hayakubadilika hata herufi. Waliobadilika ni wasomaji.

Ni rahisi kuwacheka wanamapokeo, na nimewahi kusikia wakichekwa. Mimi siwezi. Walichokuwa wanakilinda kilikuwa na uzuri wake, na nikilala usingizi ukakataa, ni beti zenye vina zinazonijia kichwani. Za huru sizikumbuki kwa moyo hata ninazozipenda. Tena hilo shairi la mistari minne wanalolilinda liliwahi kuwa na siku zake za upya: Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, anasifiwa kwa kuutoa ushairi kwenye mambo ya dini na kuupeleka kwenye siasa za mji, mapenzi na habari za sokoni. Sidhani kama kila mzee wa Mombasa wakati huo alifurahi.

Hapo ndipo kazi yangu inaponitia hofu kidogo. Kalamu nyekundu iko mkononi mwangu, na kila wiki kuna mtu ninayemwita mbunifu au mzushi bila kutamka, kwa kupitisha tu au kukata. Mezani sasa nina hadithi ya binti wa Mwanza iliyoandikwa yote kama jumbe za sauti za simu, bila msimulizi, na nusu ya jumbe hizo zimekatika katikati ya sentensi. Mara ya kwanza nilipoisoma niliona uvivu. Mara ya pili nikaona kwamba zile zilizokatika ndizo zinazobeba msiba wa hadithi. Mwenzangu wa meza ya jirani ameisoma, amerudi na ile hukumu yangu ya kwanza, na huenda ana haki. Tumekubaliana kumpigia simu binti mwenyewe tumuulize kama alizikata kwa makusudi, ingawa sijui jibu lake litatusaidia vipi. Shangazi naye, ukimuuliza kwa nini alirudisha ile chumvi mfukoni, hajui kusema.