Cherehani Kisicho na Kichwa

Siku hizi stendi ya cherehani cha mguu ikitoka barazani huenda mahali pawili. Pa kwanza ni kwenye mizani ya vyuma chakavu, inapopimwa kwa kilo pamoja na rimu zilizopinda na mabaki ya plau, kisha hupakiwa kwenye lori kwenda kuyeyushwa iwe nondo. Pa pili ni hotelini, ambako huwekewa ubao uliopigwa vanishi ikawa meza ya wageni. Kijana aliyezaliwa Bariadi baada ya Mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012, akiketi kwenye meza hiyo, ataweka mguu juu ya kanyagio, ataona gurudumu likizunguka bure, na pengine ataambiwa kwamba zamani watu walishonea nguo hapo. Ameambiwa ukweli nusu. Stendi ile ilikuwa injini, na kushona ilikuwa mojawapo tu ya kazi zake. Kichwa, yaani mashine ya kushonea iliyokaa juu yake, kilipokufa, mwenye akili aliifungia jiwe la kunolea, au feni ya tanuri, na injini ikaendelea na kazi. Naandika kwa sababu akili hiyo ya kutenganisha nguvu na kazi inatutoka haraka kuliko chuma chenyewe, na sioni kama tumepewa sababu ya kutosha kuiacha.

Cherehani kiliingia Usukumani kwa mlango wa pamba. Pamba hulipa mara moja kwa mwaka, na fedha inayokuja kwa mkupuo hununua vitu vya mkupuo: bati, baiskeli, redio, cherehani. Wasiokuwa na chao walimfuata fundi barazani mwa duka. Mwenye duka alikata kitambaa kwa yadi ndani, fundi akakishona nje, mteja akasubiri kwenye benchi. Aliyewahi kusubiri pale hahitaji kukumbushwa harufu yake: wanga wa jora jipya, ngozi ya mkanda iliyopata joto, na juu ya yote mafuta ya mashine yaliyokolea kwenye mbao za meza kwa miaka mpaka mbao zikawa nyeusi. Yalikuwa mafuta mepesi kama maji, ya kikopo chenye mdomo mrefu, kinachobonyezwa kitako kikalia. Kikopo hicho kina uzito katika habari hii kuliko watu wanavyodhani. Kilipoadimika madukani, mafundi walitia walichonacho. Mafuta ya taa hulegeza kilichokwama, lakini huosha hata ute uliobaki na kuacha chuma kikisagana na chuma. Mafuta ya kula ya pamba, ambayo Bariadi hayakuwa mbali, yana ubaya mwingine: yakikaa hewani hukauka yakageuka gundi. Kichwa cha cherehani kina vitundu vingi vya kutiwa mafuta, na kila kimoja kikiziba, mhimili mmoja unakaza. Stendi chini yake ina viungo vichache tu vinavyosuguana, vyote vikubwa, vyote vinafikika kwa kidole. Kwa hiyo vichwa vilikufa, stendi zikabaki.

Anayetaka kujua miaka atatazama namba iliyogongwa kwenye kitako cha kichwa. Singer walikuwa na utaratibu: herufi mbili zinazoanza na E, kwa mfano, ni za kiwanda chao cha Clydebank, Uskoti, kuanzia miaka ya 1930, na kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980. Lakini ukishaipata tarehe haikufikishi mbali. Kichwa cha Butterfly kutoka Shanghai kilinakiliwa kutoka umbo la Singer namba 15, kikakaa sawasawa kwenye meza ileile na kwenye bawaba zilezile. Ndiyo maana si ajabu kukuta stendi yenye jina SINGER lililosubiwa ndani ya chuma, kichwa cha Mchina juu yake, na ubao wa mninga uliochongwa na seremala wa hapahapa. Mashine hiyo ina umri gani? Inategemea unashika wapi.

Mchanganyiko huo wenyewe ni ushahidi wangu wa kwanza. Mafundi walijua, bila kufundishwa na mtu darasani, kwamba wanachokiita cherehani ni mashine mbili zilizoshikana kwa mkanda. Ya juu inashona. Ya chini inageuza mwendo wa nyayo, wa kwenda na kurudi, kuwa mwendo wa duara. Gurudumu la chini lina kipenyo cha inchi 12 hivi, na kile kigurudumu cha juu ni kama robo yake. Anayekanyaga mara 80 kwa dakika anauzungusha mhimili wa juu mara 300 na kitu. Uzito wa gurudumu la chini unavusha kanyagio pale linapofika juu kabisa au chini kabisa, mahali ambapo mguu hauna msaada wowote. Tena, jambo ambalo husahauliwa, mikono yote miwili inabaki huru. Nguvu yenyewe ni ndogo. Mtu mwenye afya anaweza kutoa wati 75 hivi kwa saa nzima akiwa juu ya baiskeli. Kwenye kanyagio la cherehani, anakosukuma kwa vifundo tu, hutoa pungufu yake. Swali la haki, basi, ni kazi gani zinatosheka na nguvu ndogo isiyokatika, na jibu lake ni kazi nyingi kuliko tunavyofikiri. Mwaka 1871 Mmarekani James Morrison alipewa hataza ya mashine ya kutobolea meno inayoendeshwa kwa mguu, na madaktari wa meno wakaitumia kwa miongo. Katika enzi hiyohiyo kampuni ya Barnes, mji wa Rockford, Illinois, iliuza misumeno na mashine za kukerezea za kukanyaga kwa maseremala waliokuwa mbali na mvuke. Hakuna aliyewaita watu hao maskini wa kubahatisha. Huku kwetu, fundi anayefunga jiwe kwenye stendi huambiwa anaungaunga.

Tuchukue kunoa, maana ndiko kwenye ushahidi mwingi. Kinachohitajika ni habu ya baiskeli iwe mhimili, jiwe la duara upande mmoja, upande wa pili pule ya mbao au kile kigurudumu cha kichwa kilichokufa, na kopo lenye tundu la msumari linalodondosha maji. Mnoa visu anayezunguka mitaani na baiskeli iliyoinuliwa kwa stendi, akipanda na kukanyaga jiwe likizunguka mbele ya usukani, ana mashine ileile kwa umbo lingine. Yeye huwafuata wateja, mwenye stendi ya cherehani hufuatwa. Wateja wao ni mwenye bucha, mama lishe, kinyozi, na huyohuyo fundi nguo aliyebaki na cherehani chenye kichwa, maana mkasi butu unatafuna kitambaa. Sasa linganisha na grainda ya mezani. Ile huzunguka karibu mara 3,000 kwa dakika. Kwa panga la kupasulia kuni ni sawa. Kwa kisu chembamba, ukishikilia kidogo tu, ukingo unageuka bluu, na rangi hiyo maana yake chuma kimepata joto la kukiondolea ugumu aliokitia mfuaji. Kisu kitatoka kinang'aa, kitakata nyama asubuhi, na jioni kitarudi butu. Kila kikirudi kinapunguzwa, mpaka kinabaki mfupa. Jiwe la mguu, linalokwenda polepole na kulowana, haliwezi kufanya kosa hilo hata likiombwa. Hapa upole ndio ubora wenyewe, na mwenye kisu hulipia tofauti hiyo bila kuijua.

Tanuri ni mfano wa pili. Usukuma ulinunua majembe kwa Warongo, wafua chuma wa upande wa Geita, kabla ya majembe yaliyoletwa kwa meli, na mhunzi wa zamani alihitaji mtu wa pili wa kupuliza mivukuto. Leo kwenye karakana nyingi rimu ya baiskeli inazungushwa kwa mkono kuendesha feni, na mkono huo ndio uliotakiwa kushika koleo. Upepo wa moto hautaki nguvu, unataka mfululizo, na kanyagio linautoa huku mikono iko kazini. Pwani walifika mbali zaidi kwa kidogo zaidi: keezo la waliokereza miguu ya vitanda liliendeshwa kwa upinde na kamba, mkono mmoja ukivuta, mwingine ukiongoza patasi. Hawakuwa hata na gurudumu zito la kuwasaidia.

Pingamizi la kwanza najua ni umeme. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007, nguzo zimefika Dutwa na Nkololo, kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000. Ya nini kukanyaga? Nakubali nusu. Kwa kuchomelea, kwa kuranda mbao ngumu, kwa kusaga unga, mguu hauna la kusema, na anayetaka kuurudisha huko anawatesa wenzake. Lakini nguzo iliyofika kijijini haijafika chini ya mwembe ambako watu hunoa, wala haiko mnadani, wala haiko kila saa. Zaidi ya hapo, mota ndogo za bei nafuu huungua, na zikiungua hazifunguliki. Fundi anabaki na boksi. Stendi ikiharibika, unaona palipoharibika. Kasoro yake kubwa ni moja: ni chuma cha kusubu, kikipasuka hakikubali fimbo ya kawaida ya kuchomelea, kinapasuka tena pembeni ya mshono. Dawa yake ni kiraka cha bati nene na bolti, na wengi waliokosa kuijua dawa hiyo ndio waliokimbilia mizani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba kusifu mguu ni kusifu umaskini, na wanaousifu hawaukanyagi. Ni kweli jasho la mtu si la kutafutia mapambo. Hata hivyo ubaya wa kazi ya mguu hutegemea inachukua muda gani na nani analipwa. Kisu kimoja ni dakika chache. Gandhi, ambaye aliwachosha wengi kwa kuzilaumu mashine, mwaka 1924 alikiweka cherehani cha Singer kando akakikubali, na alipoambiwa kwamba basi kitahitaji kiwanda chenye mashine kubwa za kukitengenezea, hakubisha. Msimamo huo ndio ninaoutetea, kiwanda pale kinapostahili na mguu pale unapotosha. Anayesema lazima tuchague kimoja hajatazama karakana yoyote inayofanya kazi.

La tatu linauliza kwa nini basi watu waliacha. Hapa habari ni fupi, kwa sababu mambo yalikwenda haraka. Mitumba ilipunguza wateja wa barazani, bei ya pamba ikawa ya kubahatisha, vyerehani vya mota vikaja, grainda za Kichina zikashuka bei, bodaboda zikawachukua vijana ambao wangekuwa wanafunzi wa ufundi, na mnunuzi wa chuma chakavu akaanza kupita mlango kwa mlango na fedha taslimu mkononi. Stendi ziliondoka wakati hakuna aliyekaa akapima kama jiwe la mguu linanoa vibaya. Kinachoudhi ni kilichofuata. Wakati zetu zinapimwa kilo, wazo lilelile lilikuwa linarudi kwa jina jipya: pampu ya kukanyaga ya MoneyMaker kutoka Kenya, mashine ya baiskeli ya kupukuchua mahindi ya Global Cycle Solutions, kampuni iliyoanzishwa Arusha na mhitimu wa chuo cha MIT cha Marekani. Sizibezi, ni kazi nzuri. Tena Arusha hiyohiyo fundi baiskeli Bernard Kiwia alitengeneza chaja ya simu ya kuendeshwa kwa baiskeli, na akasikilizwa. Lakini fundi wa Bariadi aliyefunga jiwe kwenye Singer hakuandikiwa ripoti na mtu yeyote, na mkoa wetu, uliojitangaza kwa kaulimbiu ya wilaya moja, bidhaa moja, kiwanda kimoja, ukajivunia kwa haki chaki za Maswa na maziwa ya Meatu, haukuona bidhaa katika kifaa ambacho nusu yake ilikuwa tayari imesimama barazani.

Kwa hiyo mwenye stendi nyuma ya nyumba, kabla hajamwita mwenye mizani, atazame mambo machache. Gurudumu lizungushwe kwa mkono: likiyumba kidogo tu, viegemeo vya pembeni hukazwa kwa spana, maana Singer waliviweka virekebishike. Ufito unaounganisha kanyagio na gurudumu ukilia, unataka kilainishi, si ubovu. Mkanda wa ngozi ni bora kuliko ukanda wa mpira wa tairi, unaovutika na kuteleza jiwe likibanwa. Na anayelalamika kwamba jiwe lake linazunguka kinyume, likimrushia maji usoni badala ya chini, aupitishe mkanda kwa kuupinda kama namba nane.