Kisima cha Salzburg



Wapendwa waumini, meli yetu ya mto Danube ilipotia nanga Linz, tulipanda basi kwenda kushinda Salzburg. Wenzangu waliikimbilia nyumba alimozaliwa Mozart. Mimi nilibaki katika Kanisa Kuu, mbele ya kisima cha ubatizo cha mwaka 1321, kilichobebwa na simba wanne.

Hapo ndipo Mozart alipobatizwa tarehe 28 Januari 1756, siku moja tu baada ya kuzaliwa. Hapo hapo, mwaka 1792, aliletwa Joseph Mohr, mtoto wa mama asiye na ndoa, ambaye msimamizi wake wa ubatizo alikuwa mnyongaji wa mji. (Sijui mimi ningempokea msimamizi wa namna hiyo!) Mtoto huyo akawa padre, naye ndiye aliyetunga maneno ya “Usiku Mtakatifu”, ulioimbwa mara ya kwanza huko Oberndorf, Krismasi ya 1818.

Nikaona aibu. Mwaka jana nilimrudisha binti mmoja aliyeniletea mtoto wake mchanga, nikamwambia aje kwanza na baba wa mtoto. Hakurudi tena.

Wenzangu walirejea na chokoleti wakinihimiza kupanda basi. Njia nzima nilitafuta maneno ya kumwambia nitakapobisha mlangoni kwake.