Altezza RS200 na AS200: herufi mbili kwa milioni tatu

 

Leo siandiki siasa wala bei ya pamba, ingawa pamba itajipenyeza tu, maana hapa Simiyu kila habari ya pesa huishia kwenye pamba. Leo ni magari. Kuna ubishi umekuwa ukinifuata kuanzia vijiwe vya Bariadi mjini mpaka Lamadi: je, Altezza zote ni moja, au kuna Altezza na Altezza?

Kwa asiyelijua hili gari, historia kidogo. Toyota waliitoa Altezza kule Japani Oktoba 1998, ikachukua tuzo ya Gari la Mwaka la Japani ya 1998-1999, na wakaacha kuitengeneza mwaka 2005. Mhandisi aliyeongoza kazi hiyo ni Nobuaki Katayama. Nchi nyingine liliuzwa kwa jina la Lexus IS. Ni gari la milango minne, fupi, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na dashibodi yake ina saa ndogo ndani ya saa kubwa kama saa ya mkononi ya rubani. Zile taa zake za nyuma ziliigwa dunia nzima, hadi kwenye magari ambayo hayakustahili kabisa. Kwetu lilifika kama mtumba, vijana wakalishusha, wakalitoboa ekzosi, na majirani wakakosa usingizi.

Sasa yale ya mwanzo yamepita miaka 25. Limeanza kuhama kutoka kundi la magari makuukuu kwenda kundi la magari ya kale, na hayo ni makundi mawili tofauti kabisa, kwa sababu kuukuu hushuka bei na cha kale hupanda. Dalali anaijua hiyo hesabu kuliko mimi na wewe.

Tuje kwenye kiini. Altezza ya kawaida ni AS200. Injini yake ni 1G-FE, silinda sita, lita 2.0, nguvu za farasi 160. Ile maalum ni RS200. Hii ina 3S-GE, silinda nne, nayo lita 2.0, lakini yenye gia za mkono inatoa farasi 210, na ya otomatiki 200. Umeona maajabu? Ile yenye silinda chache ndiyo yenye nguvu. Watu wengi wanapotelea hapo hapo. Wanaambiwa "hii ina silinda sita, kaka, hii ndiyo yenyewe", wanatoa hela.

Kundi la pili linapotea kinyume chake. Nimemsikia fundi mmoja akisema kwa kujiamini kabisa: "Hiyo RS ni 3S tu, kama ya Noah." Kwa jina la ukoo amepatia. Noah zile tulizozizoea, zinazobeba watu kumi na mbili na kuku juu, nyingi zina 3S-FE ya farasi 130. Lakini 3S-GE ya Altezza kichwa chake kilifanyiwa kazi pamoja na Yamaha, muda wa valvu unarekebishwa upande wa kuingiza hewa na upande wa kutoa moshi pia, na kwenye ile ya gia za mkono mgandamizo ni 11.5 kwa 1. Injini ya namna hiyo inataka petroli nzuri na oili inayobadilishwa kwa wakati. Ukiihudumia kama Noah itakufia kama mgeni.

Kwa nini nimeyachimba haya? Kwa sababu ya kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa. Ni mwalimu huko Itilima, na kama walimu wengi wa huku ana ekari zake za pamba. Misimu mitatu ameweka akiba. Hana gari, ana pikipiki, ana watoto wawili sekondari, na ana ndoto moja tangu akiwa chuo: Altezza RS. Shemeji ndoto hiyo anaijua na haipendi, lakini walishakubaliana kiasi na yeye akatoa baraka.

Msimu wa pamba ulipoisha dalali mmoja akamletea gari Bariadi. Jeusi, linang'aa, rimu za inchi 17, na nyuma imebandikwa nembo: RS200. Bei yake ilikuwa juu ya Altezza za kawaida kwa milioni tatu. Kaka akanipigia. "Mdogo wangu, wewe si mwandishi? Njoo uniulizie maswali."

Basi bwana, maswali niliyokuwa nayo yalikuwa machache. Rimu haziongei, rimu zinahama. Nembo inauzwa dukani. Hata gia sita za mkono si ushahidi, kwa sababu AS200 nayo ilitoka kiwandani na gia sita za mkono. Kinachoongea ni namba ya chasisi. RS200 inaanza na SXE10. AS200 inaanza na GXE10. Namba hiyo ipo kwenye kadi ya gari na imegongwa kwenye bodi, na kuisoma huhitaji kuwa fundi, unahitaji macho tu. Nikaomba kadi. Dalali akasema kadi ipo Mwanza. Nikasema sawa, tufungue boneti. Akasema injini bado ya moto. Nikasema tutasubiri ipoe, sisi ni watu wa mvua, kusubiri tumezoea.

Ilipopoa, kijana wa gereji akafungua. Silinda sita. GXE10.

Dalali hakushtuka hata kidogo. "Yote ni Altezza, mwalimu," akamwambia kaka. Na kusema kweli hapo alisema sentensi ambayo nimeifikiria sana kuliko uongo wake. Kama yote ni Altezza, kwa nini ubandike herufi ya nyingine? Na kama herufi ile ina thamani ya milioni tatu, thamani hiyo kwa mwalimu wa Itilima ni ipi?

Tukalijaribu gari, maana kaka alisisitiza. Tukatoka Bariadi kuelekea Lamadi, lami nzuri. Ile AS ilikuwa laini, tulivu, inavuta bila kelele. Hapa namba zinasaidia. RS ya gia za mkono inatoa farasi zake 210 ikiwa kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Nguvu yake ya kuvuta inafika kilele, nyutoni mita 216, kwenye mizunguko 6,400. AS inafikisha 200 kwenye mizunguko 4,400 tu. Yaani uzuri wa RS unaupata ukiikamua mpaka injini inalia. Sasa niambie, kati ya Bariadi na Lamadi unaikamulia wapi? Kijiji hadi kijiji ni hamsini, na askari mwenye tochi yuko chini ya mti. Ukiacha lami kwenda shuleni kwa kaka ni vumbi wakati wa kiangazi, na masika ni udongo mweusi wa mbuga unaokamata tairi kama gundi. Pale farasi 50 za ziada zitakusaidia kuchimba shimo haraka zaidi.

Kuna na habari ya spea. 1G-FE imo kwenye Mark II kibao, zikiwemo GX110, kwa hiyo fundi yeyote ameshaishika. Ile 3S-GE ya valvu za kurekebishwa pande zote mbili ni ya Altezza RS peke yake. Ikigoma ukiwa Lagangabilili, utaagiza kifaa mbali na utarudi kwenye pikipiki.

Sisemi RS ni jina tu. Hapana. Ni gari jingine kweli, na aliye na barabara, mafuta na fundi wake ana haki ya kulipa zaidi. Ninachosema ni kwamba toleo maalum huwa maalum kwa kazi fulani, na kazi hiyo lazima uiulize.

Wazee wa rali wanalijua hili. Chukua Datsun 240Z, gari la michezo lililoshinda Safari ya Afrika Mashariki mara mbili: 1971 kwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na 1973 kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Lofty Drews. Mwaka ule wa 1973 Mehta na Harry Källström walimaliza wakiwa sawa kwa pointi, Mehta akapewa ushindi. Nissan walikuwa na toleo maalum la gari hilo, Z432: valvu 4 kwa kila silinda, kabureta 3, kamshafti 2, injini ya Skyline GT-R. Yalitengenezwa kama 420 tu, na leo matajiri wanayagombania minadani. Lakini lililokuja kuoga tope letu ni 240Z, lenye injini ya L24 ya kamshafti moja, lita 2.4, iliyoimarishwa kwa ajili ya rali. Ukoo wa injini ile ile ya mtu wa kawaida aliyenunua dukani.

Kaka nilimwonesha hayo yote. Alisikiliza kama mwalimu anavyosikiliza mwanafunzi mjuaji. Kisha akamwambia dalali: "Toa nembo, toa milioni tatu, tuongee." Dalali akakataa, akaondoka na gari lake na herufi zake.

Hela bado ipo benki. Shemeji anasema bora zingekuwa ng'ombe. Kaka kila jioni ananitumia picha: leo AS, kesho RS, juzi Mark II. Jana aliniuliza swali ambalo sikuwa nimelitarajia: "Mdogo wangu, hivi nikinunua ile ya kawaida nitakuwa nimeitimiza ndoto au nimeizika?" Nikamwambia asubuhi atakapowasha gari lake mwenyewe, na mvua ikamkuta ndani badala ya juu ya pikipiki, ndipo atajua. Hakujibu. Nadhani anaendelea kutafuta SXE10.

Kwa wengine mnaotafuta: msisome nyuma ya gari, someni kadi. Kadi ikiwa "ipo Mwanza", na hela yenu nayo iwe ipo Mwanza. Namba ya chasisi kwenye kadi ilingane na iliyogongwa kwenye bodi, na namba ya injini nayo ilingane, kwa sababu injini nazo zinahama. Mkishindwa kabisa, fungueni boneti mhesabu: nne ni RS, sita ni AS. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza.

 Tukutane wiki ijayo, na wiki ijayo itakuwa pamba, nawaahidi.