Mkato Mmoja na Amana ya Waumini

Ijumaa moja, baada ya swala, tulibandika ukutani orodha ya waliochangia mabati ya msikiti wetu hapa Kharumwa. Sisi, katibu wa kamati, ndio tulioiandaa kwa kompyuta. Alasiri alitufuata mama mmoja anayewapikia wachimbaji wa dhahabu. Hakupaza sauti. Alisema, "Ustadhi mwanangu, nilitoa laki moja na nusu. Mmeniandikia shilingi mia na hamsini. Allah anajua nilichotoa, lakini majirani wamesoma ukuta."

Tulilifungua faili. Vijana watatu walikuwa wameandika michango, kila mchangiaji mstari wake, mkato ukitenganisha tarehe, jina, simu na kiasi. Palipoandikwa 20000, kiasi kilisomwa sawasawa. Palipoandikwa 150,000, kama tuandikavyo kwenye stakabadhi, palikuwa na mkato wa nne. Programu ndogo tuliyoitunga ilikata mstari kila ilipokuta mkato, ikachukua 150 kuwa ndicho kiasi, na sufuri tatu ikazitupa. Jumla haikutushtua, kwani mhazini aliitoa katika daftari la benki.

Usiku ule tuliiacha programu yetu, tukatumia maktaba ya lugha ya Python iitwayo csv, iliyotungwa na mafundi kwa ajili ya mafaili ya namna hii. Tulidhani elimu ya wengine itasitiri uzembe wetu. Ikarudisha 150 ileile. Tuliilaumu hadi usiku wa manane, ndipo tukasoma maelezo ambayo tulipaswa kuanza nayo. Desturi ya mafaili haya, iliyoandikwa katika mwongozo wa RFC 4180 wa mwaka 2005, ni kwamba thamani yenye mkato ndani yake huzungushiwa alama za kunukuu. Maktaba ikizikuta alama hizo, huisoma thamani hiyo kuwa kitu kimoja. Sisi hatukuziweka, nayo haiwezi kujua asichokibainisha mwandishi.

Tulisahihisha mstari kwa mstari, tukilinganisha na stakabadhi. Tangu hapo kiasi huandikwa bila mkato, vipengele hutenganishwa kwa nukta-mkato, na maktaba huelezwa hivyo. Zaidi ya hayo, programu ikikuta mstari usio na vipengele vinne kamili, husimama na kuuonyesha ili mtu ausome kwa macho yake. Haikisii.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandikiana madeni, na mwandishi anatakiwa aandike kwa uadilifu. Chuoni tuliisoma pamoja na tafsiri yake, lakini uzito wake umetufikia mbele ya sufuri tatu. Nia yetu ilikuwa njema, na bado tulimdhalilisha mtu. Uadilifu wa mwandishi ni pamoja na kuhakiki kabla ya kubandika.

Ijumaa iliyofuata tulisimama mbele ya waumini, tukasema kosa ni letu, si la mashine wala la vijana. Tulimwomba mama yule radhi hadharani, kwa kuwa aibu yake ilikuwa ya hadharani. Alisamehe.

Wazazi wenzetu, wengi wa vijana wetu leo hushika hesabu za madrasa na za vikundi vya kuweka akiba. Tuwafundishe kwamba kila tarakimu ni haki ya mtu. Allah atusamehe tulipokosea, na atuwezeshe kutunza amana. Amin.