Stempu ya Senti 10 na Thamani ya Ukweli

Mafrateri wanaokuja chumbani kwangu kwa ulezi wa kiroho huiona albamu ya kijani juu ya kabati la vitabu, na wengi huuliza swali lilelile: "Padre, hivi vikaratasi vina faida gani?" Swali ni halali. Watu tunaohubiri maisha ya kiasi tuna haki ya kuulizana juu ya kila kitu tunachokihifadhi. Naomba nilijibu hapa kwa kirefu kidogo, kwa sababu miaka michache iliyopita albamu hiyo ilitulazimisha sisi walezi kujibu swali gumu zaidi: faida tunayoihitaji, tuko tayari kuipata kwa njia gani?

Albamu ilikuwa ya padre mmoja mmisionari, Mmarekani, aliyefundisha hapa Maandiko Matakatifu kwa miaka mingi. Alipofariki dunia aliacha vitabu, redio ndogo, viatu vya mvua na albamu ya stempu za nchi yake za karne ya 19, ambayo naye aliirithi kwa babu yake. Katika wasia aliandika kwamba iwe mali ya seminari. Kwa kuwa nilikuwa nimekaa naye jioni nyingi akinifundisha kutazama stempu kwa kioo cha kukuzia, nikakabidhiwa kuitunza.

Jambo la kwanza nililojifunza kwake ni kwamba stempu ni risiti. Zamani gharama ya barua mara nyingi ililipwa na mpokeaji, na mpokeaji asiye na fedha, au asiyetaka habari, aliikataa. Uingereza ilibadili utaratibu huo Mei 1840 ilipotoa stempu ya kwanza ya kubandika, kufuatia mapendekezo ya Rowland Hill. Marekani ilifuata tarehe 1 Julai 1847 kwa stempu mbili: ya senti 5 yenye picha ya Benjamin Franklin, na ya senti 10 yenye picha ya George Washington. Senti 5 zilipeleka barua ya nusu aunsi umbali usiozidi maili 300. Zaidi ya hapo zililipwa senti 10.

Stempu hizo hazikuwa na matundu pembeni. Zilikatwa kwa mkasi, moja moja, kutoka kwenye karatasi kubwa. Ndiyo maana mkusanyaji hutazama kwanza kingo. Iliyoachiwa nafasi pande zote nne ina thamani kubwa kuliko iliyokatwa mpaka ndani ya picha. Yaani karani fulani wa posta, ambaye jina lake halijulikani tena, kwa kukata taratibu au kwa haraka, aliamua bei ambayo watu wangelipa baada ya zaidi ya miaka 150. Yule padre alipenda kuwaambia mafrateri hivyo walipofagia kanisa kwa kulipua.

Mwaka 1851 stempu hizo mbili zilibatilishwa, na mwaka 1857 zikaanza kutoka stempu zenye matundu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, serikali ya Washington ilibatilisha pia stempu zilizokuwa zikitumika na kutoa mpya, ili akiba iliyobaki katika ofisi za posta za majimbo yaliyojitenga isigeuzwe kuwa fedha. Majimbo hayo yakatoa stempu zao, yakiweka picha ya Jefferson Davis. Ukifunua kurasa hizo mbili za albamu unaona taifa limepasuka kabla hujasoma neno lolote la historia.

Kuhusu zile adimu zenyewe, wengi hudhani kitu kinakuwa adimu kwa sababu kilitengenezwa kwa fahari. Mara nyingi ni kinyume. Chukua ile inayoitwa Alexandria Blue Boy. Kabla ya stempu za taifa, baadhi ya wakuu wa posta mijini walichapisha zao, na mmojawapo alikuwa wa Alexandria, Virginia. Moja tu kati ya hizo inajulikana kuwa ilichapishwa kwenye karatasi ya buluu. Ilibandikwa kwenye barua ya Novemba 1847 kutoka kwa kijana Mpresbiteri kwenda kwa binti Mwepiskopali. Walikuwa ndugu wa mbali, na tofauti ya madhehebu ilifanya mapenzi yao yawe ya siri. Kijana alimwagiza aichome barua hiyo, kama kawaida yao. Binti hakuichoma. Walioana mwaka 1853, na barua ikakaa kwenye kisanduku cha vifaa vya kushonea mpaka binti yao alipoikuta mwaka 1907. Mwaka 1981 iliuzwa kwa dola milioni moja. Kilichoifanya hazina ni mwanamke aliyeshindwa kuchoma neno la mtu aliyempenda.

Au chukua stempu ya senti 1 iitwayo Z Grill. Katika miaka ya 1860 posta ya Marekani ilihofia kwamba watu wanaosha wino wa muhuri na kutumia stempu mara ya pili. Basi ikawekwa mashine ya kubonyeza karatasi kwa alama ndogondogo kama za wavu, ili nyuzi zake zikatike na wino uzame ndani. Alama hizo zilikuwa za aina nyingi, na wakusanyaji walizipa herufi. Ya senti 1 yenye alama ya Z zinajulikana mbili tu. Moja ni ya Maktaba ya Umma ya New York. Nyingine, mwaka 2005, ilibadilishwa kwa stempu nne zilizoshikana za mwaka 1918, zile zenye ndege iliyochapishwa kichwa chini. Ilipouzwa mwaka 2024 ilifika zaidi ya dola milioni nne. Inachekesha, na inafikirisha pia: wizi wa senti moja ndio uliozaa stempu ghali kuliko zote za Marekani ya karne hiyo.

Albamu yetu haina utajiri wa namna hiyo. Ina stempu nyingi za kawaida, na kati yake zile alizozipenda zaidi yule padre, za mwaka 1893, zilizotolewa kwa Maonyesho ya Chicago ya kukumbuka miaka 400 ya safari ya Christopher Columbus. Seti nzima ni stempu 16, kuanzia senti 1 hadi dola 5. Moja inaonyesha monasteri ya Wafransisko ya La Rábida, ambako Columbus alipata watu wa kumsikiliza. Nyingine inamwonyesha akiwa amefungwa minyororo. Lakini padre alitumia darasani zile mbili za bei ndogo. Kwenye senti 1 Columbus anaona nchi kavu, na kidevu chake ni cheupe. Kwenye senti 2 anashuka pwani, tukio la siku ileile, naye ana ndevu nzima. Mafrateri walicheka. Kisha aliwaeleza: mchongaji wa ya kwanza alifuata mchoro wa William Powell, wa pili alifuata wa John Vanderlyn. "Kabla hujasema Mathayo na Luka wanapingana," aliwaambia, "uliza kwanza kila mmoja alipokea kutoka wapi." Wapo mapadre majimboni leo ambao wamesahau mengi ya darasa lile, lakini ndevu za Columbus hawajazisahau.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kati ya stempu zote, iliyotutia matumaini ilikuwa moja: ya senti 10 ya mwaka 1847, nyeusi, kingo nzuri pande zote nne, bila muhuri wa posta. Kwa kawaida hizo hupatikana zikiwa zimetumika. Ambayo haikutumika ni adimu sana, na bei yake ni mara nyingi zaidi. Nilihakikisha kwanza kwamba si nakala. Mwaka 1875 serikali ya Marekani ilichapisha upya stempu za 1847 kwa ajili ya maonyesho ya Philadelphia ya mwaka uliofuata, na katika nakala hizo macho ya Washington ni kama ya mtu mwenye usingizi. Huyu wa kwetu alikuwa macho kabisa.

Wakati huo paa la bweni la mafrateri wa mwaka wa kwanza lilikuwa linavuja. Mvua ikinyesha usiku walisogeza vitanda katikati na kuweka ndoo. Nilituma picha za stempu kwa wakusanyaji wachache, na mmoja akajibu haraka. Alitaja kiasi ambacho kingeezeka upya bweni zima na kubaki. Hakutaka cheti cha wataalamu; picha zilimtosha.

Kabla ya kukubali niliazima taa ya bluu, ya aina ile wanayotumia madukani kukagua noti. Nilifunga mapazia, nikaiwasha. Juu ya uso wa Washington, kuanzia paji hadi begani, ukatokea mstari hafifu, na mwingine ukiukata. Zilikuwa alama za kalamu. Katika miaka ile ofisi nyingi ndogo za posta hazikuwa na muhuri wa kufutia stempu, hivyo karani alichora msalaba kwa wino. Stempu yetu ilikuwa imetumika. Mtu fulani, zamani, aliusafisha wino ili ionekane mpya. Thamani yake halisi ilikuwa sehemu ndogo sana ya kile tulichoahidiwa.

Tulikaa walezi wote. Sitaki kuwachora wenzangu kama watu wabaya, kwa sababu hoja zao zilikuwa za watu waliochoka kuona ndoo mabwenini. Mmoja alisema: "Sisi hatukuisafisha. Tumeirithi hivyo." Mwingine akasema mnunuzi ni mtu mzima, mjuzi kuliko sisi, na ameamua mwenyewe kutotaka cheti. Wa tatu aliuliza kwa upole kama marehemu hangependa albamu yake iwaezekee vijana. Nakiri kwamba hoja hiyo ya mwisho ilinigusa sana.

Mwalimu wetu wa Teolojia ya Maadili, mzee asiyependa maneno mengi, aliomba tufungue Summa ya Mtakatifu Thoma wa Akwino, II-II, swali la 77. Hapo Thoma anachunguza udanganyifu katika kununua na kuuza, na anauliza wazi kama muuzaji anawajibika kutaja kasoro ya kitu anachouza. Jibu lake lina busara ya sokoni. Kasoro inayoonekana, muuzaji halazimiki kuitangaza, mradi apunguze bei inavyostahili. Kasoro iliyofichika, ambayo itamletea mnunuzi hasara, lazima isemwe. Wala hatofautishi kama kasoro ililetwa na muuzaji au alirithi. Gombera alinigeukia akasema, "Padre, mwandikie ukweli." Kikao kikaisha.

Nilimwandikia mnunuzi siku ileile, nikamweleza kila kitu na kumtumia picha iliyopigwa chini ya taa. Hakujibu. Nimewahi kusimulia habari hii, na msikilizaji akasubiri niseme kwamba baadaye mfadhili alitokea na Mungu akalipa mara mia. Hakutokea. Paa lilirekebishwa nusu kwa michango ya parokia. Upande wa mashariki bado ndoo zinahitajika masika. Ukweli una gharama, na safari hii gharama yenyewe iliwaangukia vijana wa miaka ishirini waliolala karibu na ndoo. Tuliwaeleza sababu. Sijui kama wote waliridhika, ila hakuna aliyesema tungefanya vingine.

Kwa hiyo, frateri mpendwa, faida ya vikaratasi hivi ni ipi? Kanisa limezipata nyingine zinazohesabika. Kwa miaka mingi mashirika ya kimisionari ya Ulaya na Marekani yamekusanya stempu zilizotumika, kuziuza kwa kilo na kusaidia misheni. Kardinali Francis Spellman wa New York alikuwa mkusanyaji mashuhuri, na hazina yake ilizaa makumbusho ya stempu huko Weston, Massachusetts, yaliyofunguliwa mwaka 1963. Hayo ni mema. Lakini mimi ningetaja faida nyingine. Kukusanya stempu kunamfundisha mtu kutazama kitu kidogo kwa muda mrefu bila haraka, na kukubali kile anachokiona hata kama kinamkosesha. Sakramenti ya Kitubio itakuhitaji uwe na macho hayo. Hesabu za parokia zitakuhitaji uwe nayo. Bwana ametuonya juu ya hazina zinazoliwa na nondo na kutu, na albamu hii ni moja ya hizo; nondo naipiga vita kila mwaka kwa karafuu. Lakini mtu anaweza kujifunza uaminifu hata kwa kitu kitakachooza.

Ile stempu ya senti 10 iko ukurasa wa kwanza. Chini yake nimeandika kwa penseli: "Imetumika. Alama ya kalamu imesafishwa." Anayetaka kuiona anakaribishwa, na taa ipo mezani.