Nilivyoharibu Gitaa la Kaka, Nikawa Fundi kwa Lazima

Leo mastaa wapumzike kidogo, umbea upo na hautaisha. Ila naanza na mmoja, jina kapuni, yule anayependa kupiga picha na gitaa begani. Majuzi alikuwa laivu, uzi ukashuka sauti, akageuka nyuma kutafuta mtu wa kumtyunia. Mkamcheka sana. Mimi sikucheka, maana namjua mtu aliyefanya kituko zaidi ya hicho. Ni mimi.

Kwetu ni Matongo, huku Nyamongo, Tarime. Ukitaja kwetu watu wanawaza dhahabu tu. Lakini Mara ina nyuzi zake bana. Wakurya tuna iritungu, lina nyuzi nane. Na karibu na Shirati, hapo Rorya, ndiko alikozaliwa Daniel Owino Misiani, yule wa Shirati Jazz aliyeipaisha benga mpaka alipofariki 2006. Kwa hiyo gitaa kwetu si kitu cha kuiga kwenye TV.

Kaka yangu alipoenda Dar kutafuta maisha aliniachia gitaa lake. Alilipata kwa jasho la vibarua. Aliniambia neno moja tu: "Mura, ulitunze."

Lilikuwa la nyuzi za nailoni, zile laini kama mshipi wa kuvulia samaki. Mimi nikaona sauti yake imepoa, nataka ile inayolia kama ya benga. Nikanunua nyuzi za chuma, nikafunga, nikakaza. Siku mbili nikajiona staa. Usiku wa tatu nikasikia paa! Daraja, kile kibao cha tumboni kinachoshika nyuzi, limeng'oka na limebeba maganda ya mbao.

Baadaye ndiyo nikaelewa. Nyuzi sita za chuma zinavuta kwa nguvu ya kama kilo 70, za nailoni kama kilo 40. Mbao ile haikuchongwa kwa mzigo huo.

Fundi mmoja mjini alinitajia 80,000 kabla hata sijafungua begi. Sikuwa nayo. Kaka naye kila Jumapili anapiga simu, anauliza, "Gitaa lipo?" Najibu, "Lipo." Na kweli lilikuwepo, chini ya kitanda, limeachana na daraja lake.

Kilichoniamsha ni mzee mmoja anayepiga iritungu. Kwenye sherehe uzi wake ulilegea, hakuita mtu. Akausokota palepale, akatega sikio, akaendelea na wimbo. Nikajiuliza, hivi mimi nangoja fundi gani?

Nikaingia YouTube, bando likaisha, nikaongeza. Nikakwangua gundi ya zamani taratibu mpaka mbao safi ikaonekana. Nikapaka gundi ya mbao, nikarudisha daraja mahali pake. Seremala jirani, anayetengeneza vitanda, akaniazima klampu mbili zenye mdomo mrefu, zinapita kwenye tundu la sauti. Akaniambia niweke kibao ndani, klampu isiumize mbao. Tukabana, tukaacha siku nzima. Nyuzi mpya za nailoni nikaagiza Mwanza, zikaja na basi.

Siku za kwanza zilikuwa zinashuka sauti kila dakika, nikadhani nimeharibu tena. Kumbe nailoni mpya hunyooka siku kadhaa kabla ya kutulia. Halafu nyuzi zilikuwa juu mno, vidole vinauma. Hapo nikajifunza hesabu moja: ukitaka uzi ushuke milimita 1 pale kwenye freti ya 12, kile kipande cheupe cha kwenye daraja unakipunguza milimita 2. Unasugua upande wa chini kwa msasa, kidogo kidogo, unarudisha, unapima. Ukizidisha hakirudi.

Kazi ngumu ikabaki moja. Jumapili iliyofuata kaka alipouliza, nikamwambia yote. Akanyamaza mpaka nikaangalia kama simu imekata. Kisha akasema, "Miezi minne, mura? Miezi minne unaniambia lipo?"

Desemba akaja. Akalishika, kidole gumba kikapita juu ya lile kovu pembeni ya daraja. Akapiga mpaka usiku, hakunisifia wala hakunitukana. Januari akaondoka nalo. Iliniuma, lakini sikuwa na cha kusema. Gitaa nililitengeneza, ile miezi minne sikuweza kuibandika kwa gundi.

Wiki iliyopita akanipigia, na haikuwa Jumapili. Anasema nyuzi zimepanda, zinamuumiza vidole. Nikamwambia Dar kuna unyevu, mbao inavimba na kuinua daraja. Kile cheupe asikiguse, anunue cha akiba, hicho ndicho akisugue, cha zamani akitunze kwa kipindi cha ukavu. Akauliza, "Nipunguze kiasi gani?" Nikamwambia apime kwanza, anitumie picha.

Ametuma leo asubuhi, picha tatu.

Kwa hiyo staa wetu, usione aibu. Kutyuni unajifunza wiki moja tu. Na wewe mdau, kuna kitu cha mtu umekiharibu na bado unasema "kipo"? Funguka hapo chini, au bora zaidi, mpigie mwenyewe.