Nesi Aliyenipima Presha

Nilizaliwa Kibwezi, Makueni, nikaolewa ng'ambo ya Mto Athi, upande wa Mutomo, Kitui. Natoa ushuhuda huu kwa dada yeyote anayemeza tembe za kupanga uzazi bila kujua hali ya mwili wake, maana hapo ndipo nilipokuwa.

Tembe nilianza baada ya mtoto wetu wa tatu. Wifi yangu alizitumia zikamkubali, nikaona nami zitanikubali. Nilizinunua siku ya soko pamoja na sukari na sabuni, na hakuna aliyenipima chochote. Njia nyingine niliziogopa kwa maneno ya mtoni tulikochota maji: kijiti husafiri hadi kwenye moyo, koili humchoma mume, sindano huua kizazi. Niliyaamini yote, nikawaambia na wenzangu.

Kichwa kikaanza kuniuma karibu kila siku. Nikasema ni jua, ni kazi ya kuvuna ndengu. Mama yangu mzazi ana presha tangu zamani, lakini sikuwahi kujihesabu humo.

Siku moja nilimpeleka mtoto chanjo. Foleni ilikuwa ndefu, na nesi alikuwa peke yake. Alipomaliza na mtoto akaniuliza, "Na wewe mama, unaendeleaje?" Nikajikuta nalia. Akanipima presha, akaniambia nikae nitulie, akapima tena. Mara zote mbili namba ya juu ilipita 160.

Akatoa kadi ya duara ya Shirika la Afya Duniani, ile inayozungushwa, akaizungusha hadi penye presha ya kiwango changu. Namba 1 maana yake njia haina kizuizi kwako. Namba 4, usiitumie kabisa. Tembe nilizokuwa nikimeza, zenye homoni mbili, zilikuwa na 4. Sindano ya miezi mitatu, 3. Kijiti, 2. Koili ya shaba, 1. Akanieleza kwamba estrojeni iliyo kwenye tembe hizo yaweza kupandisha presha na kugandisha damu, na kwa mtu kama mimi kiharusi hakiko mbali.

Hakunigombeza. Yale maneno ya mtoni aliyajibu moja moja. Kijiti hukaa chini ya ngozi ya mkono, miaka mitatu au mitano kwa aina yake, kisha hutolewa. Sindano haiui kizazi, ila ukiiacha mimba yaweza kuchelewa miezi kadhaa. Koili aliniwekea kiganjani: kiplastiki kidogo chenye umbo la T, kimezungushiwa waya mwembamba wa shaba. Haina homoni, na hufanya kazi miaka 10 au zaidi.

Niliichagua hiyo, na sisemi ilikuwa rahisi. Miezi ya kwanza hedhi ilikuwa nzito, tumbo likaniuma, na mara kwa mara niliazimia kwenda itolewe. Nesi alikuwa ameniambia mapema kwamba huenda ikawa hivyo, na kwamba kwa wengi hupungua. Kwangu ilipungua. Mume wangu, aliyekuwa na hofu zake, alikuja kliniki akauliza mwenyewe. Dawa za presha nameza hadi leo, na kichwa kimetulia.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kwamba kwetu Makueni karibu wanawake 8 kati ya 10 walioolewa walikuwa wakipanga uzazi. Nafurahi kwa hilo. Lakini najua mtu anaweza kuwa katika hao 8 na bado awe hatarini, maana nimekuwa huyo. Wako walioanguka kwa kiharusi bila mtu wa kuwaonya. Kwa nini Mungu aliniwekea nesi mwenye subira siku ile, sijui. Sikuwa nimefanya lolote la kustahili.

Dada yangu, usiache njia yako kwa ghafla kwa sababu ya maneno yangu, wala usichukue koili kwa sababu ilinifaa mimi. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, omba upimwe presha, na umwambie nesi kama unanyonyesha, kama kichwa hukuuma, kama unatumia dawa za TB au za virusi vya UKIMWI, maana baadhi yake hupunguza nguvu ya tembe na kijiti. Asipokuuliza, mwambie wewe.